High Noon au Rio Bravo: picha ipi ya kauboi uanze nayo?

Wengi wetu tulikutana na kauboi utotoni, kwenye mabanda ya video, ambako aliyechelewa kuingia huuliza kwanza: "Stelingi nani?" Akishaonyeshwa anatulia, maana stelingi hafi. Mapenzi haya ni ya siku nyingi. Miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walijiita Bill kwa ajili ya Buffalo Bill, shujaa wa kikauboi waliyemwona kwenye sinema, wakavaa kikauboi na kujiundia lugha yao ya mtaani. Leo waliokulia kwenye mabanda ya video ni watu wazima, wana intaneti na jioni moja ya mapumziko, na wananiuliza: katika mamia ya picha za kauboi zilizopo, nianze na ipi nielewe kwa nini watu wanaziita sanaa?

Huwa nawapa mbili wachague. High Noon ya mwaka 1952, iliyoongozwa na Fred Zinnemann, na Rio Bravo ya mwaka 1959, iliyoongozwa na Howard Hawks. Nazitaja pamoja kwa kuwa ya pili ilizaliwa kwa hasira juu ya ya kwanza. Hawks alisema wazi kwamba hakuipenda High Noon na kwamba Rio Bravo ilikuwa jibu lake. Ukiziangalia zote unakuwa umekaa kati ya mafundi wawili wanaobishana juu ya swali moja: mtu wa haki anapojiwa na wauaji, nani anapaswa kusimama naye?

Hapo ndipo ninapoupimia ukubwa wa picha ya kauboi. Bunduki zimo kwenye zote, hata zile mbovu kabisa. Picha inakuwa kubwa pale swali la namna hiyo linapopenya hadi kwenye mwendo wa saa, kwenye mahali kamera inaposimama na kwenye wimbo unaosikika, kiasi kwamba hata ukizima sauti jibu la mwongozaji bado unaliona. Hizi mbili zimefika hapo, kila moja ikiipinga nyingine.

Hadithi zenyewe ni kama mapacha. Katika High Noon tuko Hadleyville, mji mdogo, Jumapili asubuhi, saa nne na nusu imepita kidogo. Will Kane, mkuu wa usalama wa mji, ameoa muda huu huu na amevua nyota yake ya bati. Yeye na bibi harusi wanaondoka wakaanze maisha ya biashara ya duka. Mara inaingia simu ya maandishi: Frank Miller, muuaji ambaye Kane alimkamata miaka mitano iliyopita, amesamehewa na yuko njiani na treni ya saa sita mchana. Wenzake watatu wameshafika kituoni wanamsubiri. Kane anaondoka na mkewe kwa gari la farasi, kisha njiani anageuza. Ana saa moja na ushee ya kutafuta watu wa kusimama naye.

Katika Rio Bravo, sherifu John T. Chance amemkamata Joe Burdette kwa kumuua mtu asiye na silaha ndani ya baa. Nathan, kaka yake Joe, ni tajiri wa ng'ombe, ana watu wa kukodi wenye bunduki, na ameubana mji wote. Chance anatakiwa kumshikilia mfungwa huyo siku kadhaa hadi afike afisa wa serikali kuu wa kumchukua. Walio upande wake ni Stumpy, mzee kilema asiyefunga mdomo, anayelinda selo, na Dude, aliyekuwa msaidizi hodari hadi mapenzi yalipomvunja moyo na pombe ikammaliza. Baadaye wanaongezeka kijana Colorado, na Feathers, mwanamke mcheza kamari aliyeshuka mjini kutoka gari la abiria.

Hadi hapo hali ni ile ile. Tofauti inaanzia kwenye kuomba. Kane anabisha hodi nyumba hadi nyumba na ananyimwa. Chance hataki hata kuomba. Rafiki yake Pat Wheeler, mwenye msafara wa magari ya mizigo, anamuuliza kwa nini hatafuti watu. Chance anamjibu kwamba angepata watu wema wasioijua kazi, mawazo yao yakiwa kwa wake na watoto wao, wakati Burdette ana watu wanaolipwa kwa kuua. Kwa Hawks, kulinda ni ufundi, na anayejitolea anaulizwa swali moja: unaiweza? Mwenyewe alisema sherifu anayejua kazi yake hazunguki mjini kama kuku aliyekatwa kichwa akimwomba kila mtu msaada.

Hoja hiyo ina nguvu, na mashabiki wa Hawks huitumia kumdharau Kane. Mimi sikubaliani nao. Miller akirudi, mji mzima unarudi mikononi mwake. Kane anawaendea wenye mji ili waulinde mji wao. Na uzuri wa picha uko kwenye namna wanavyomkataa, maana hakuna mlango unaofungwa kama mwingine. Jaji aliyemhukumu Miller ndiye wa kwanza: anaikunja bendera, anachukua mizani yake ya haki, anafungasha vitabu vya sheria na kupanda farasi. Msaidizi kijana wa Kane, Harvey Pell, anataka kwanza aahidiwe cheo. Rafiki mmoja anamtuma mkewe mlangoni aseme hayupo, na Kane anasimama pale barazani akijua kabisa kuwa yupo ndani. Martin Howe, mzee aliyewahi kuishika kazi hiyo kabla yake, anamwonyesha vidole vilivyokakamaa kwa ugonjwa wa viungo. Herb alikuwa amejitolea kwa moyo mkunjufu tangu asubuhi. Anarudi muda umewadia, anagundua wengine hawakuja, na ushujaa unamtoka mbele ya macho yetu, kidogo kidogo, huku akitafuta maneno. Wanaobaki tayari ni mlevi mwenye jicho moja na mvulana wa miaka 14. Kane hawezi kuwachukua.

Halafu kanisani. Kwangu mimi hapa ndipo picha inapofika juu kabisa. Kane anaingia ibada ikiendelea. Wanaume kadhaa wanainuka papo hapo, kisha mmoja anasema ngojeni kwanza. Watoto wanatolewa nje, na ibada inageuka kikao. Mmoja anasema tunalipa kodi ili tulindwe, kwa nini tuitwe sisi. Mwingine anawalaumu wanasiasa wa kaskazini waliomwachia Miller. Mwanamke anasimama kuwakumbusha enzi ambazo mwanamke mwenye heshima hakuweza kupita barabarani mchana kweupe. Ndipo anaposimama Jonas Henderson, mtu anayesikilizwa na wote, rafiki wa Kane. Anammwagia Kane sifa hadi unajiambia sasa mambo yamekaa sawa. Anasema mji una deni kwake. Kisha, kwa sauti ile ile ya upole, anasema kuna watu wa kaskazini wanaofikiria kuleta fedha zao hapa, kufungua maduka na viwanda. Wakisoma kwamba damu imemwagika barabarani watasita. Kwa hiyo, kwa faida ya mji na ya Kane mwenyewe, ni heri aondoke. Aliyewahi kukaa kwenye kikao ambako mtu alisifiwa ili atolewe anaijua baridi ya dakika ile. Sijaona risasi kwenye picha yoyote ya kauboi inayopenya kama hotuba hii.

Aliyeiandika alikuwa na kikao chake mwenyewe. Carl Foreman alikuwa akiandika muswada huku kamati ya Bunge la Marekani ikiwasaka wakomunisti Hollywood. Septemba 1951, picha ikiwa inapigwa, aliitwa mbele ya kamati hiyo akakataa kutaja majina ya wenzake. Marafiki walimkwepa, mshirika wake wa kazi akaachana naye, jina lake likaingia kwenye orodha ya wasioajiriwa, akahamia Uingereza. Zinnemann naye, Myahudi aliyekulia Vienna, alikuwa amepoteza baba na mama katika mauaji ya Wanazi. Watu hawa wawili hawakuhitaji kuwabuni majirani wanaofunga madirisha.

John Wayne, aliyekuwa mstari wa mbele upande wa pili wa siasa hizo, aliiona picha hii kuwa tusi kwa Marekani. Mwishoni kuna tendo moja la Kane na ile nyota yake ya bati, ambalo sitakusimulia. Mwaka 1971 Wayne bado alikuwa akililalamikia kwenye mahojiano. Hata hivyo, mwaka 1953 ni Wayne huyo huyo aliyepanda jukwaani kupokea Oscar ya mwigizaji bora kwa niaba ya rafiki yake Gary Cooper, aliyekuwa Kane. Miaka sita baada ya hapo akaivaa nyota ya sherifu katika Rio Bravo.

Na picha ikaenda mbali kuliko ugomvi wao. Juni 4, 1989, Wapolandi walipokwenda kupiga kura iliyofungua mlango wa kuwaondoa wakomunisti madarakani, vuguvugu la Solidarność lilibandika mabango yenye sura ya Cooper akitembea kuelekea kwa anayetazama, nyota kifuani, na mkononi, badala ya bastola, karatasi ya kura. Hadithi ya mwandishi aliyeandamwa kwa kushukiwa ukomunisti ndiyo iliyowaita watu wale kwenye kituo cha kura. Kila ninapoliona bango hilo nasisimka.

Turudi kwenye saa, maana hapo ndipo picha hizi mbili zinapoachana kabisa kwa umbo.

High Noon ina dakika 85, na hadithi yake inachukua karibu muda huo huo. Unakaa na Kane dakika kwa dakika. Saa za ukutani ziko kila mahali, na kadiri jua linavyosogea utosini zinazidi kukuzwa, hadi uso wa saa unajaza skrini. Dakika za mwisho kabla ya treni, wahariri wamekata picha kwa kuufuata mdundo wa muziki: reli tupu, wale watatu kituoni, nyuso kanisani, nyuso baa, kiti kitupu alichokalia Miller siku ya hukumu, Kane mezani akiandika wosia wake. Kisha honi ya treni. Sijui mtu aliyeitazama sehemu ile bila kushika pumzi. Ilichukua Oscar nne, na ile ya uhariri naiona kuwa ya haki kuliko zote.

Rio Bravo ina dakika 141 na haina haraka na mtu. Hawks anaamini urafiki huonekana watu wakikaa pamoja, wakivuta sigara, wakipimana maneno, wakisubiri usiku upite. Inaanza na dakika kadhaa ambazo hakuna anayesema neno. Dude anaingia baa, mchafu, mikono inamtetemeka, hana hela ya pombe. Joe Burdette anamwonyesha sarafu, halafu anaitupa kwenye chombo cha kutemea mate. Dude anapiga magoti aichukue. Mguu unakipiga chombo teke. Dude anainua macho, na juu yake amesimama Chance anayemtazama. Katika dakika hizo chache umeshajua yote: nani mbaya, nani ameanguka, nani anaumia kumwona rafiki yake alivyoanguka. Ukitaka kumfundisha mtu kutengeneza sinema, mwonyeshe mwanzo huu.

Kuanzia hapo hadithi kubwa ya Rio Bravo inakuwa ya Dude. Dean Martin, ambaye wengi walimjua kama mwimbaji na mchekeshaji, anaigiza kuacha pombe kwa mwili mzima: jasho, vidole visivyoweza kusokota sigara, hasira za ghafla, aibu. Chance hamhubirii hata mara moja. Anamsokotea ile sigara na kumpa. Kuna mahali Dude anamkimbilia muuaji hadi ndani ya baa, watu wanamcheka, naye anaona tone la damu likidondoka kwenye glasi ya bia kutoka juu; usikubali mtu akusimulie kinachofuata. Na kuna usiku ambao amekata tamaa, ameshajimiminia wiski, halafu anausikia muziki ambao Burdette ameamuru upigwe kuwatisha, ule unaoitwa Degüello, ambao inasemekana jeshi la Meksiko liliupiga lilipoizingira ngome ya Alamo, Texas, mwaka 1836 kuashiria kwamba hakuna atakayehurumiwa. Dude anaurudisha wiski kwenye chupa, bila kumwaga hata tone. Mkono umetulia. Kwa mtu aliyewahi kuwa na ndugu anayepigana na pombe, sehemu hiyo ina uzito usiopatikana kwenye mapigano yoyote.

Nimesema kuhusu muziki. Wa picha zote mbili ni wa mtu mmoja, Dimitri Tiomkin, na hili ni jambo la kupendeza kwa anayelinganisha. Katika High Noon alitunga wimbo unaoimbwa na Tex Ritter tangu majina ya mwanzo: mwanaume anamsihi mpenzi wake asimwache. Wimbo huo unarudi na kurudi, unamfuata Kane barabarani kama dhamiri. Kwangu unarudi mara nyingi kupita kiasi, na kuna mahali ningetamani ukimya. Katika Rio Bravo wimbo unaimbwa na wahusika wenyewe, ndani ya jela, usiku, wauaji wakiwa nje: Dude amelala chali kofia usoni, Colorado na gitaa, Stumpy na kinanda cha mdomo, Chance amesimama na kikombe cha kahawa anatabasamu. Wapo wanaosema kipande hicho kiliwekwa tu kwa kuwa Dean Martin na Ricky Nelson, kijana wa miaka 18 wakati huo, walikuwa waimbaji wa kuuza. Huenda. Lakini nikiambiwa nitoe dakika tano katika Rio Bravo, hizo ndizo za mwisho nitakazozigusa. Jibu lote la Hawks liko pale: unasimama na wale unaoweza kuimba nao huku mnasubiri kufa.

Kamera nazo zinasema hayo hayo. Floyd Crosby, mpiga picha wa High Noon, alikataa mawingu mazuri ya picha za kauboi. Anga lake ni jeupe, tupu, kali; rangi ni nyeusi na nyeupe, na sura inafanana na picha za zamani za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Kabla ya mapambano kamera inaanza karibu na uso wa Cooper wenye jasho, halafu inapanda, inapanda, hadi mji wote uko chini na mtu mmoja mdogo katikati ya barabara. Hakuna aliye dirishani. Cooper alikuwa na miaka 50 na mwili wake haukuwa na afya; maumivu unayoyaona usoni mengi hayakuigizwa.

Hawks hapandi kreni. Kamera yake inakaa usawa wa macho ya mtu aliyesimama, kama rafiki wa tano ndani ya chumba. Karibu picha nzima iko kati ya jela, hoteli na baa, mara nyingi usiku, kwa mwanga wa taa. Ni rangi, lakini rangi za vumbi na mbao. Kwa hiyo tahadhari: kama unachokitafuta ni nyanda pana na milima inayokata pumzi, zote mbili zitakukatisha tamaa. Nenda kwa The Searchers ya John Ford ya mwaka 1956, iliyopigwa Monument Valley. Hiyo haina mpinzani kwa mandhari, ingawa inakutaka uvumilie kumfuata shujaa aliyejaa chuki ya rangi, na chifu wa Wakomanchi anaigizwa na Mzungu.

Wanawake. Hapa High Noon inashinda, na inashinda kwa mbali. Amy, mke wa Kane, anaigizwa na Grace Kelly akiwa na miaka 21. Ni Mquaker, muumini wa dini ya Marafiki, ile yenye mizizi mirefu Kaimosi na magharibi yote ya Kenya, nchi yenye Waquaker wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Hakuipokea imani hiyo kwa mazoea: baba yake na kaka yake waliuawa kwa bunduki, na walikuwa upande wa haki. Anapomwambia mumewe kwamba hatakaa kungoja kujua kama amekuwa mjane, ana hoja nzito, na msomaji wa Kaimosi ataielewa haraka kuliko wengi. Mbele yake yupo Helen Ramírez, mfanyabiashara Mmeksiko aliyewahi kuwa na Miller, kisha na Kane, anayeigizwa na Katy Jurado. Ndiye mwenye akili kuliko wote mjini. Anauza duka lake, anaeleza kwa nini, na anamwambia Amy ukweli ambao mwanaume yeyote pale hakuweza kuusema. Mazungumzo ya wanawake hawa wawili hotelini, mwanaume wao mmoja akiwa nje barabarani, ni kitu adimu kwa picha ya mwaka 1952.

Feathers wa Rio Bravo, Angie Dickinson, ana ulimi mwepesi na anamchanganya John Wayne hadi inafurahisha. Nadhani hapo mkono wa Leigh Brackett, mwanamke aliyeandika muswada pamoja na Jules Furthman, unaonekana. Lakini kazi ya Feathers kwenye hadithi ni kumpenda sherifu. Na Carlos, Mmeksiko mwenye hoteli, amefanywa kichekesho kutwa nzima, jambo ambalo linaniudhi zaidi kila ninaporudia picha hii. Ukimweka Carlos kando ya Helen Ramírez utashangaa kwamba picha yenye Helen ndiyo ya zamani zaidi.

Basi uchague ipi?

Kama una jioni moja, uko peke yako, na hujawahi kuamini kwamba picha ya kauboi inaweza kukugusa, chukua High Noon. Ni fupi, haina kona, na ukimaliza utakaa kimya kwanza. Inamfaa sana aliyewahi kuachwa na watu aliowategemea, kazini, kwenye ukoo au kwenye siasa. Usiichukue iliyowekewa sauti ya mtafsiri juu yake. Nawapenda watafsiri wa video na wamenilea, lakini picha hii inaishi kwa ukimya na kwa mlio wa saa, na sauti yoyote ya ziada inaua vyote. Tafuta yenye maandishi chini.

Kama mko watu wanne watano sebuleni, kuna chai na hakuna anayewahi kulala, wekeni Rio Bravo. Inavumilia watu kuongea, inachekesha, na kila mtu atakuwa na mhusika wake. Kijana aliyezoea picha za kasi ataanza kulalamika karibu na saa ya kwanza. Mwambie amtazame Dude tu, aache mengine. Ila asikose dakika nne za mwanzo, maana asiyeuona ule mwanzo hatajua baadaye kwa nini glasi ya wiski ina uzito.

Ukiniuliza ipi ni kubwa zaidi, nasema High Noon, na nalisema nikijua kwamba nimeirudia Rio Bravo mara nyingi zaidi. High Noon ina dosari chache na ina jambo la kusema ambalo bado linauma. Rio Bravo ina mapengo: imerefuka, Ricky Nelson ni mzuri wa sura kuliko kuigiza, na mapenzi ya sherifu na Feathers yanachukua nafasi kubwa. Lakini ina joto la watu ambalo Zinnemann hakulitaka, na pengine hakuweza kulitaka, kwa alichokuwa anakisema. Hawks mwenyewe alilipenda umbo hilo kiasi kwamba alilirudia katika El Dorado miaka michache baadaye, na John Wayne tena kama mlinzi wa jela.

Kama ulikulia kwenye kauboi za Kiitaliano, zile za Sergio Leone zilizopigwa Hispania, usidhani utapotea kwenye hizi za zamani. Leone alizijua kwa moyo. Alimtaka Ennio Morricone amtungie muziki wa aina ya ule Degüello wa Rio Bravo. Na Once Upon a Time in the West, ya mwaka 1968, inaanza na watu watatu kwenye kituo cha treni wanaomsubiri mtu: kinu cha upepo kinalia, nzi anatembea usoni mwa mmoja, tone la maji linadondoka kwenye kofia ya Woody Strode, mwigizaji Mweusi ambaye uso wake pale hausahauliki. Ni kituo cha High Noon, kimevutwa hadi kila sekunde inasikika. Aliyejiandaa kwa saa za Zinnemann atakifurahia mara mbili.

Kwa hiyo ukiweka High Noon jioni hii, mtazame vizuri mmoja wa wale watatu wa kituoni, mrefu, mwembamba, macho kama ya tai, asiyesema neno hata moja tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo picha yake ya kwanza kabisa. Anaitwa Lee Van Cleef, na miaka 14 baadaye Leone atamsimamisha kwenye makaburi ya The Good, the Bad and the Ugly, kati ya Clint Eastwood na Eli Wallach, akisubiri tena.